Kisima Chako Kiko Kwenye Fuliza?

Binamu yangu ana vyumba vitatu vya kukodisha wageni hapa Diani. Mwaka juzi alichoka kununua maji ya lori, akaita wachimbaji. Shimo halijaenda mbali, maji matamu hayo. Jamaa wakamwambia, "Bosi, tushuke tena, huko chini yamejaa." Wakashuka. Miezi michache baadaye mgeni akatoka bafuni akilalamika sabuni haitoi povu. Kuonja maji, chumvi tupu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hesabu ilichangia sana. Lakini hii ya maji nimeikalia mpaka ikaingia.

Kutoka Diani hadi Msambweni, karibu na ufuo, tumekalia mchanga na mwamba wa matumbawe. Mvua ikizama humo haikutani na sakafu, inakutana na bahari. Maji matamu ni mepesi kidogo, basi yanaelea juu ya yale ya chumvi. Kanuni ya wataalamu inasema hivi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 chini yake. Sasa geuza. Ukipiga pampu hadi maji yashuke mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40 taratibu ikikufuata. Yaani ufuoni kushuka zaidi si kupata maji zaidi. Ni kwenda kubisha hodi kwa bahari.

Modeli ya haidrolojia ndiyo inayokuonyesha hilo kabla hujalipa mchimbaji. Ifikirie kama taarifa ya M-Pesa. Mvua ni pesa inayoingia. Jua, miti, mto Mkurumudzi na pampu zetu ni matumizi. Kinachobaki chini ndiyo salio. Ukitoa kuliko kinachoingia, uko kwenye Fuliza, na anayekudai ni bahari. Kwenye kompyuta eneo hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na mwamba wake, mvua yake na visima vyake, kisha miaka inapitishwa humo. Majibu yanalinganishwa na vina vya maji vilivyopimwa kweli visimani. Yasipolingana, unarekebisha mpaka yakaribiane. Hapo ndipo mhandisi anauliza: nikichimba hapa, nivute lita kiasi hiki kwa siku, halafu mvua ikose, itakuwaje? Kina cha kisima, nguvu ya pampu na umbali kutoka kisima cha jirani vinatoka huko.

Kwale hii kazi imefanywa, tena si kidogo. Mradi wa Gro for GooD, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa Nairobi na Catalonia, ulichunguza maji ya huku Msambweni. Sababu unaijua: mgodi wa Base Titanium ulikuja na bwawa lake la Mukurumudzi la mita za ujazo milioni 8.4, pamoja na visima virefu. Kukawa na mashamba ya miwa ya KISCOL. Kukawa na mahoteli. Na kuna nyanya yangu na mtungi wake wa lita 20. Wote akaunti moja.

Kisha ukaja ukame wa 2016 na 2017. Modeli ilionyesha maji yanayozama ardhini yalipungua kwa 69% ukilinganisha na mwaka wa kawaida. Nikadhani nitasoma mgodi umetumaliza. Wapi! Hifadhi ilipungua lakini ilikuwa na uwezo wa kurudi mvua ikinyesha. Palipoumia ni upande wa pwani, ambapo mpaka wa chumvi ulisogea kuelekea bara. Kwetu huku, manze.

Ila kilichonimaliza ni pampu. Zile Afridev za mkono, ambazo zenyewe zilijaribiwa huku Kwale miaka ya 1980, zilifungwa kidude ndani ya mkono wake, cha aina ile inayogeuza skrini ukilaza simu. Kinahesabu mkono unavyopanda na kushuka, kinatuma ujumbe kupitia mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua imekufa. Halafu watafiti wa Oxford wakagundua mtetemo wa ule mkono unaweza kukadiria maji yako mbali kiasi gani. Nilipomsimulia nyanya alicheka. "Mjukuu wangu, hayo si bega langu linaniambia kila kiangazi?" Kweli, bega lake linajua. Tofauti ni kwamba bega haliweki rekodi ya miaka kumi.

Na rekodi ndiyo inayonikosesha usingizi. Base Titanium iliacha kuchimba madini Desemba 2024. Modeli isipolishwa vipimo vipya inazeeka, inabaki picha ya Kwale ya zamani, wakati Diani inaota ghorofa kila wiki na kila ghorofa inataka shimo lake. Sheria inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya mtaalamu kabla ya kuchimba. Binamu yangu alikuwa na namba ya mchimbaji tu.

Sasa anataka kuchimba la pili, nyuma ya jikoni, hatua kumi kutoka lile la kwanza. Nimemwandikia WhatsApp aanze na mtaalamu. Tiki za buluu tangu Jumanne, bado hajajibu.