Sisimizi wa Bibi Hawana Namba

Kisukari cha mjomba wangu hakikugunduliwa na daktari. Kiligunduliwa na bibi, hapo hapo nyumbani Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Asubuhi moja alikuta msururu wa sisimizi nyuma ya banda, mahali ambapo mjomba alikuwa akijisaidia usiku kwa uvivu wa kwenda chooni. Akamwita: "Baba, sisimizi wanalamba mkojo wako. Nenda ukapime." Mjomba akacheka. Bibi hakucheka. Kesho yake mashine ya kutoboa kidole ilisoma 17.

Nimeona niandike haya kwa sababu kila mjadala wa tiba asili ukianza hapa kwenye vimbweta, tunagawanyika pande mbili. Huku wanasema ni ushirikina, kule wanasema wazungu wametuficha siri. Wote wangekaa wiki moja tu na bibi, wangeona mambo hayako hivyo.

Tuanze na wale sisimizi, maana bibi alikuwa sahihi kabisa. Figo hurudisha sukari kwenye damu isipotee bure. Lakini sukari ikipanda mpaka kama milimoli 10 kwa lita, figo huzidiwa, na inayobaki humwagika kwenye mkojo. Sisimizi wanafuata utamu. Shida ni kwamba ukipima asubuhi kabla hujala, kisukari kinahesabiwa kuanzia 7. Kati ya 7 na 10 mtu anaweza kukaa miaka, mishipa ya macho, figo na miguu ikiharibika polepole, na hakuna sisimizi hata mmoja atakayetokea. Ishara ya wazee ni ya kweli, ila inafika kwa kuchelewa.

Pili ni chakula. Bibi hana neno "kinga ya kisukari", ana maisha tu. Anasimulia kwamba zamani mpunga ulitwangwa kwenye kinu, na mchele ulibaki na sehemu ya pumba zake. Pumba hizo zina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Siku hizi mashine inakoboa mpaka punje inang'aa, na tunausifia mchele wa Kilombero kwa weupe wake. Pembeni ya wali palikuwa na majani ya maboga, kunde na samaki wa mtoni. Msimu wa mvua familia zilihamia shamba bondeni, zikalala kwenye vibanda, zikilima kwa jembe la mkono na kuwinga ndege. Chai ya sukari ilikuwa ya wageni.

Sasa mwangalie mjomba. Ni dereva wa bodaboda, anakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri, anakunywa soda mbili kijiweni na jioni anakula wali sahani iliyojaa kama mtu aliyelima ekari nzima. Na yeye si peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kutoka vijiji 6 vya Tanzania ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima 1 katika 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu watu 9 katika 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na watu waliopimwa walitofautiana, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizo kimoja kwa kimoja. Lakini mwelekeo unaonekana.

Tatu ni dawa, na hapa ndipo penye moto. Mjomba alipewa vidonge vya metformin, akameza. Majirani nao wakaleta vyao: karela ya kusaga, unga wa mlonge, mbegu za zambarau zilizokaushwa, mwarobaini. Je, ni uongo mtupu? Hapana. Karela na mbegu za zambarau zimeshushiwa panya sukari maabara mara nyingi. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba: watu waliopimwa ni wachache, dozi hazifanani, na matokeo yanapishana.

Tena metformin yenyewe ina asili ya majani. Huko Ulaya kuna mmea unaoitwa Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa zamani. Kemikali yake ilishusha sukari, lakini mmea wenyewe ulikuwa ukiua kondoo wanaoula. Wanasayansi wakatengeneza kemikali ya jamii hiyo isiyo na sumu kali, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Kwa hiyo jani na kidonge ni ndugu. Tofauti yao ni kwamba kidonge kinajulikana uzito wake, na glasi ya karela ya leo si sawa na ya kesho.

Mjomba alikunywa vyote viwili. Baada ya miezi michache akajisikia mwepesi, kiu ikaisha. Nilipompigia simu, "Shikamoo mjomba, unaendeleaje?" akajibu, "Marahaba. Sukari imekwisha bwana, vidonge nimeacha." Nikauliza amepima lini. Akasema mwili wake anaujua mwenyewe. Mimi nikanyamaza, maana nani atabishana na mjomba wake? Miezi kadhaa baadaye alichomwa na msumari mguuni na hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari kilikuwa kimekufisha ganzi nyayo. Alipoona usaha walikuwa wameshachelewa. Vidole viwili vilikatwa.

Watanzania tuliwahi kuliona hili kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari kijijini Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya kisukari na magonjwa mengine sugu. Mti wake, mugariga, ulikuwa dawa ya kienyeji tangu zamani. Hatari ilikuwa kuamini kwamba umepona na kuacha dawa kabla ya kupima. Kwa mgonjwa anayetegemea insulini, kuiacha kunaua ndani ya siku chache.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna anayetumia majani, usimfokee, atakuficha tu. Muulize anatumia nini, kiasi gani, na amweleze daktari wake, kwa sababu karela pamoja na baadhi ya vidonge inaweza kushusha sukari mpaka mtu akazimia. Mengine ya bibi yachukueni bila kumuuliza mtu: mboga za majani, mwendo wa miguu, chai bila sukari. Hata bumu likichelewa hayo yanawezekana.

Likizo iliyopita nilimnunulia mjomba mashine ndogo ya kupimia. Bibi ndiye anayeitunza, kwenye mkebe wake wa chumvi. Hajui kusoma, lakini namba zile amezikariri. Asubuhi anamwita mwanawe, anamtoboa kidole, anaangalia. Ikizidi 7, chai ya siku hiyo ni ya rangi, na hakuna wali mpaka jioni. Karela bado anamkamulia. Na vidonge anamsimamia mpaka ameze.