Saida Karoli alivyoifikisha ngoma ya Kihaya kila kona

Albamu ya Maria Salome ya Saida Karoli ilitoka mwaka 2001, na sisi Waha wa Titye, Kasulu, tuna sababu ya kuisikiliza upya. Wakati ule redio za FM zilitawaliwa na Bongo Fleva, vijana wakirapu kwa Kiswahili cha mjini. Akatokea mwanamke wa kijijini Bukoba, anaimba Kihaya na kupiga ngoma, na nchi nzima ikamwitikia.

Wapo wanaosema alibebwa na ngoma. Sikubaliani nao. Redio Tanzania ilirekodi ngoma za makabila kwa miaka mingi, na chache mno zilipendwa nje ya kwao. Nguvu ya Saida imo katika mpangilio wa sauti. Yeye anatangulia, waitikiaji wanapokea. Kiitikio ni kifupi na kinarudi mara kwa mara, hata asiyejua Kihaya anakishika upesi. Kisha, ndani ya wimbo uliobeba jina la albamu, akachomeka Kiswahili kidogo, ambacho wengi wamekifanya kuwa jina la wimbo huo: Chambua Kama Karanga. Mgeni anaingilia hapo. Kiha chetu kiko karibu zaidi na Kirundi, lakini ni ndugu wa Kihaya, kwa hiyo sisi hudaka maneno mengine pia.

Buhaya kuna utanzu wenye heshima kubwa, tendi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo nanga, ambazo Profesa M. M. Mulokozi amezichunguza kwa kina. Manju wake kwa kawaida walikuwa wanaume. Saida alisimama mbele kama manju, jina lake likiwa juu ya kanda. Kule Marekani, Loretta Lynn alifanya jambo la aina hiyo katika muziki wa kantri: katika wimbo wake wa mwaka 1970 aliimba maisha ya binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, kwa lafudhi ya kwao, bila kuisafisha.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo wa Maria Salome kwa jina la Salome, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 2001 wakauimba. Huku kwetu Kasulu na Kibondo, nasi tunao akina mama wanaoongoza nyimbo za harusi kwa Kiha, sauti zao zinasikika hadi mlima wa pili. Wakiingia studio, wasishauriwe kukiacha Kiha. Watafute kwanza kiitikio kifupi.