Uganda: Amri ya Mahakama Peke Yake Haimrudishi Mzazi

Katika nchi jirani ya Uganda, sheria ya watoto iliyotungwa mwaka 1996 iliunda Mahakama za Familia na Watoto. Mahakama hizo husikiliza mashauri faraghani, pasipo mabishano ya mahakama za kawaida, na wazazi hutakiwa kuwapo kila inapowezekana. Shabaha yake ni kumwokoa mtoto.

Mtoto akiwa hatarini, kwa mfano kutokana na ulevi wa mzazi, hakimu aweza kutoa amri ya usimamizi. Mtoto hubaki nyumbani, na ofisa wa ustawi wa jamii huitembelea familia, akiishauri na kuisaidia. Amri hiyo haizidi mwaka 1, ingawa yaweza kuongezwa mwaka mwingine. Ikishindikana, yaweza kufuata amri ya matunzo: mtoto huondolewa na kukabidhiwa kwa mlezi au kwa makao yaliyoidhinishwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Amri yaweza kumfikisha mzazi mlangoni pa mshauri, lakini haiwezi kumfanya arudi wiki ya pili. Mzazi aweza kuachia njiani kwa aibu, kwa kukosa nauli, au kwa kuamini kwamba mwanawe amekwisha kumpotea.

Ugumu huo haupo Uganda tu. Mjini London, mwaka 2008, ilianzishwa mahakama ya wazazi waliotekwa na pombe au dawa za kulevya, kwa kufuata mfano wa Marekani. Katika utaratibu huo, hakimu yule yule hukutana na mzazi kila baada ya wiki 2, bila mawakili; humpongeza alipopiga hatua na kumweleza waziwazi alipoteleza. Hivyo mzazi hujua kwamba kuna mtu anayemngojea.

Hapana shaka jambo hili linawahusu askari. Mara nyingi polisi ndiye mtumishi wa kwanza wa serikali kubisha hodi katika nyumba kama hiyo. Akimtukana mzazi mbele ya mwanawe, mzazi atamkimbia hata ofisa wa ustawi. Akimweleza kwa heshima ni nini kinachotakiwa na kwa nini, amemfungulia njia. Aidha, askari naye ni mzazi. Kamanda anayempa ruhusa ya kuhudhuria vikao vyake bila kumfedhehesha mbele ya wenzake huenda akaiokoa familia nzima.