Masikio ya Nyuma ya Gari

Katika kijiji cha Kigombe, wilayani Muheza, ambako njia itokayo Tanga mjini kwenda Pangani hupita karibu na bahari baada ya kuyaacha magofu ya Tongoni, gari hulazimika kurudi nyuma mara nyingi kuliko mtu wa mjini awezavyo kudhani. Gari la mchuuzi wa samaki hushuka hadi dikoni, hupakia matenga na masanduku ya barafu, kisha sharti litoke kinyumenyume, kwa kuwa vichochoro kati ya nyumba na minazi ni vyembamba na mahali pa kugeuzia ni haba. Na dikoni ndipo watu walipo: wavuvi wenye nyavu mabegani, kina mama waliochuchumaa mbele ya mafungu ya samaki, na watoto, ambao mahali penye samaki hawakosi kamwe.

Kwa sababu hiyo twaonelea kwamba habari ya vihisi vya nyuma, vile vifungo vinne vidogo vinavyotiwa katika bampa ili vimlilie dereva anapokaribia kitu, si habari ya matajiri peke yao. Mafundi wengi huviita sensa, neno ambalo kwetu lilikwisha kupewa kazi ya kuhesabu watu. Katika makala haya tutaviita vihisi. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika kwanza Japani, na mengi katika hayo, hasa ya zamani na ya bei nafuu, hayana vihisi hivyo. Ijapokuwa huko huko Japani gari la Toyota Corona lilikwisha kuwekewa chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1982, mwenye gari la kawaida bado hana budi kununua seti pembeni na kumtafuta fundi.

Yafaa kwanza ieleweke chombo chenyewe hufanya nini, maana anayedhani kuwa ni jicho atadanganyika. Hakioni, husikiliza. Ndani ya kila kifungo mna kidonge cha kauri ambacho kikipitishiwa umeme hutetemeka, na kikitetemeshwa hutoa umeme. Tabia hiyo ya baadhi ya mawe na fuwele iligunduliwa na ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwenzao Paul Langevin aliitumia katika kutafuta nyambizi chini ya bahari. Kifungo hupiga ukelele mfupi wa mitetemo kama 40,000 kwa sekunde, nayo sikio la mwanadamu haliwezi kusikia zaidi ya 20,000 au pungufu. Kisha hunyamaza na kungoja mwangwi. Katika joto la nyuzi 30, ambalo watu wa Kigombe hawahitaji kuelezwa, sauti hwenda karibu mita 349 kwa sekunde; basi kitu kilicho umbali wa mita moja hurudisha mwangwi katika muda usiotimia sehemu sita za elfu ya sekunde. Kisanduku kilicho ndani ya buti hupima muda huo, nacho humpigia dereva mlio: wa pole pole kwa mbali, wa haraka kwa karibu, na usiokatika umbali unapobaki kama sentimita 30. Popo wawindao wadudu wafanyavyo usiku, na pomboo afanyavyo baharini, ndivyo hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye kazi ya fundi, ambayo ndiyo huamua kama fedha ya mwenye gari imefaa au imepotea. Kosa la kwanza na kubwa ni pupa ya kutoboa. Bampa likishatobolewa halizibiki likapendeza. Fundi mwenye akili huliosha bampa, hubandika utepe wa karatasi, hupima kutoka katikati kwenda pande zote mbili, na huweka alama nne zilizo sawasawa katika kimo cha sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini, gari likiwa limesimama mahali pa tambarare. Vikiwa chini mno, vihisi vitasikia mchanga na mawe ya njia, na mlio hautanyamaza hata nyuma kukiwa kweupe. Vikiwa juu mno, mtoto mdogo na jiwe la kisima vitapita chini yake. Kabla ya kushika keekee, mkono upitishwe nyuma ya bampa, kwa kuwa pengine alama imeangukia mbele ya chuma kinachoimarisha bampa, na kihisi hakitapata nafasi ya kukaa.

Tundu hutobolewa kwa keekee ya duara iliyokuja na seti, aghalabu ya milimita 22 au karibu na hapo, kutoka nje kwenda ndani, bila kusukuma kwa nguvu. Kingo husuguliwa, kisha kihisi huingizwa kwa kubonyezwa pembeni kwa vidole, wala si katikati, kwa maana katikati ndipo penye kile kidonge. Nyuma ya kila kihisi pana alama ya kuonyesha upande wa juu. Kikitiwa kichwa chini huelekeza sikio lake mchangani. Bampa la chuma, kama la pikapu nyingi za mashamba ya katani, lina shari yake: mtetemo husambaa katika chuma na kihisi hujisikia chenyewe. Hapo sharti patiwe pete ya mpira kati ya kihisi na chuma. Na anayetaka kuvipaka rangi ya gari avipake rangi nyepesi mno, kwa kuwa rangi nzito huwa kama mtu aliyejitia pamba masikioni.

Umeme wa chombo hiki huchukuliwa katika taa ya rivasi, ili kifanye kazi gia ya kurudi nyuma inapoingizwa na kinyamaze inapotolewa. Waya wa taa hiyo usikisiwe kwa rangi. Magurudumu yawekewe kabari, breki ya mkono ivutwe, swichi ifunguliwe bila injini kuwashwa, gia iingizwe, kisha waya ujaribiwe kwa taa ya kupimia. Fyuzi ndogo iwekwe njiani. Waya wa pili hufungwa kwenye mwili wa gari, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, na juu yake hupakwa grisi.

Hapo kwenye grisi hatuna budi kukawia kidogo, kwa kuwa mafundi wa bara huenda wakaliona neno dogo. Pwani chumvi haiji kwa maji tu, huja kwa upepo. Na gari la samaki hubeba chumvi yake lenyewe, maana barafu ikiyeyuka hudondosha maji yaliyochanganyika na maji ya bahari katika kila ufa wa sakafu. Fundo la waya lililosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe laweza kufanya kazi siku ya kwanza kama jipya, na baada ya masika likawa unga wa kijani. Fundo hilo lichomewe risasi, livikwe mpira, na lifungwe juu, mbali na sakafu na mbali na bomba la moshi. Nyaya zipite katika tundu lenye mpira wake, zisikatwe na makali ya bati.

Lakini hata kazi ikiwa safi namna gani, viko vitu ambavyo masikio haya hayavisikii, na Kigombe imejaa vitu vya namna hiyo. Wavu ulioanikwa hunywa sauti na kupitisha iliyobaki, usitarajie mwangwi. Nguo laini, na mtu aliyejifunika khanga, hurudisha mwangwi hafifu. Mti mwembamba wa mviringo hutawanya sauti. Shimo na ukingo wa ufuko havina cha kurudisha kabisa, kwa hiyo gari laweza kuelekea majini kwa kinyumenyume huku chombo kikiwa kimya kama kaburi. Na pikapu iliyopakia boriti zilizochomoza nyuma hulia tangu gia inapoingizwa hadi inapotolewa, mpaka dereva akachoka, akakata waya.

Juu ya watoto lazima tuseme wazi. Nchini Marekani mwaka 2008 ilipitishwa sheria yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyekufa mwaka 2002 kwa kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma. Wakaguzi wa huko walipovijaribu vihisi waliona kwamba mara nyingi huwapita watoto wadogo bila kulia, au hulia kwa kuchelewa. Ndiyo sababu magari mapya madogo ya nchi hiyo, tangu Mei 2018, hulazimishwa kuwa na kamera, wala si vihisi peke yake.

Na tuchukue hesabu ndogo ambayo kila dereva aweza kuifanya. Gari lirudilo nyuma kwa kilomita 5 kwa saa hwenda mita 1.4 kila sekunde. Vihisi vingi huanza kulia kitu kikiwa umbali wa mita moja na nusu hivi. Yaani toka mlio wa kwanza hadi kugonga ipo sekunde moja na kidogo, na mguu wa dereva huihitaji karibu yote ili kufika kwenye breki. Mwendo ukiwa kilomita 10, mlio huwa ni taarifa ya msiba tu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wenye magari wanaosema kwamba, sensa zikishatiwa, utingo hana tena haja ya kushuka. Utingo huuona wavu, huliona shimo, humjua mtoto wa nani yuko nyuma ya gurudumu na humwita kwa jina lake. Vihisi hufaa pale dereva alipo peke yake, na usiku, na mbele ya ukuta au gari lililoegeshwa, mahali ambapo hasara kubwa ni bampa na taa.

Mwenye gari anayelichukua kutoka kwa fundi asiridhike kwa kusikia mlio mmoja mbele ya ukuta wa gereji. Alisimamishe dikoni maji yakiwa yametoka, aweke ndoo nyuma ya kila kihisi kimoja kimoja, kisha tenga, kisha mti mwembamba, kisha wavu, na apime kwa hatua mlio unaanzia wapi na wapi hauanzi. Utingo awepo. Baada ya hapo, kila jioni gari likitoka pwani, vifungo vile vinne vioshwe kwa maji ya kisima na kufutwa kwa kitambaa laini, kwa sababu tope na chumvi iliyokauka huviziba, na kihisi kilichozibwa ama hulia bila sababu, ama hakilii kabisa.