Upepo wavuma Turkana, mbona tokeni haishuki?

Wenzangu wa Pwani huniuliza, mimi ninayekaa huku Ruiru: nchi ina umeme wa upepo na wa jua, mbona tokeni ni ghali vile vile? Jibu moja liko jirani yangu, Thika.

Pale Thika kuna mtambo wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito, ndugu wa ile ya Kipevu na Rabai. Mafuta hayo tunayalipia sisi, katika gharama ya mafuta ambayo EPRA huitangaza kila mwezi. Upepo na jua havinunuliwi kwa lita. Basi upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, ukivuma vizuri, na mtambo wa jua wa Garissa, megawati 50, ukifanya kazi mchana, mitambo ya mafuta hupunguzwa. Hapo ndipo tunapopata nafuu.

Tatizo la kwanza ni saa. Jua likishatua, Ruiru na Likoni zote huwasha taa na televisheni, na mafuta hurudi kuchomwa. Upepo wa Turkana nao huvuma sana usiku wa manane, watu wamelala. Ndiyo maana Desemba 2017 uliletwa mpango wa viwanda vinavyoongeza matumizi usiku kuuziwa umeme huo wa ziada kwa nusu bei. Kiwanda cha Thika chenye zamu ya usiku hufaidi. Mama mwenye tokeni Kisauni hafaidi.

Tatizo la pili ni mikataba. Kenya haina soko la umeme ambalo bei hupanda na kushuka kila saa. Mzalishaji hulipwa kwa mkataba wa miaka mingi. Mwenye mtambo wa mafuta hulipwa kwa kukaa tayari tu, hata siku asipozalisha. Umeme wa upepo wa Turkana nao una mkataba wa miaka 20, kwa yuro. Shilingi ikianguka, bei yake hupanda, ingawa upepo wenyewe ni wa bure.

Kwa maoni yangu, kuongeza mitambo peke yake hakutatupunguzia bei. Tudai betri za kuhifadhi umeme wa mchana hadi usiku. Tudai mikataba ya mafuta ikiisha isiongezwe kwa masharti yale yale. Na nafuu ya usiku ifike majumbani, si viwandani pekee.