Kina Kisichokuwapo: Namna Kifaa cha 3D Imager Kilivyoyahadaa Macho

Makala haya yanafafanua namna kifaa kimoja cha kuvaliwa usoni, kilichotolewa nchini Marekani mwaka wa 1984, kilivyoweza kumwonyesha mchezaji kina mahali ambapo hapakuwa na kina chochote. Kifaa hicho kiliitwa 3D Imager, na kilitengenezewa mashine ya michezo ya video iliyojulikana kama Vectrex. Ukikifungua hukuti mengi: mota ndogo, kisahani cha plastiki chenye rangi, na waya wa kukiunganisha na mashine. Hata hivyo, wanaobahatika kukivaa leo, zaidi ya miaka arubaini baadaye, huona vitu vikielea mbele na nyuma ya kioo kilicho bapa. Je, hilo linawezekanaje?

Jibu linaanzia kwenye macho yenyewe. Macho ya mtu mzima yameachana kwa takriban sentimita 6.3. Mtu akinyoosha mkono na kusimamisha kidole gumba mbele ya ukuta, kisha akafumba jicho moja na baadaye jingine, ataona kidole kikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ilhali ukuta ukitulia. Akikisogeza kidole karibu na pua, mruko huo unaongezeka. Ubongo huzipokea picha hizo mbili zinazotofautiana kidogo, huzilinganisha, na kutokana na tofauti hiyo hukadiria umbali. Mwaka wa 1838, mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone aliliwasilisha jambo hili mbele ya Royal Society jijini London. Alitumia vioo viwili vya kujitazamia kulipa kila jicho mchoro wake. Ni muhimu kutaja kwamba michoro yake ilikuwa ya mistari mitupu, isiyo na vivuli wala rangi. Alikusudia asitokee wa kudai kwamba kina kile kililetwa na ustadi wa mchoraji. Mistari ile ilitosha.

Hapa yafaa kugusia suala la istilahi, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili hulikumba kila mara. Picha za aina hii zimezoeleka kuitwa picha za pande tatu. Istilahi hiyo imeenea, lakini inapotosha: sanduku lina pande sita, na umbo lenye pande tatu ni pembetatu. Kinachohesabiwa hasa ni vipimo, yaani urefu, upana na kina. Neno kina, ambalo baharia hulitumia kwa maji na mhakiki kwa fikra, linaibeba dhana hii bila tabu. Tena mwanafunzi wa ushairi atatambua kwamba vina vya shairi navyo huzaliwa pale sikio linapounganisha silabi mbili zilizoachana. Ingawa hiyo ni sadfa tu ya lugha, ni sadfa inayosaidia kukumbuka.

Turejee kwenye mashine. Vectrex iliingia sokoni mwezi wa Novemba 1982 kupitia kampuni ya General Consumer Electronics, kwa bei ya dola 199. Tofauti na mashine nyingine za wakati ule, haikuhitaji runinga. Ilikuwa na kiwambo chake cha inchi 9 kilichosimama wima. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika uchoraji. Runinga ya kawaida ya siku hizo iliupitisha mwale wa elektroni kwenye kioo safu baada ya safu, kutoka juu hadi chini, hata pale ambapo hapakuwa na cha kuonyeshwa. Mwale wa Vectrex ulikwenda moja kwa moja kutoka nukta moja hadi nyingine, kama kalamu mkononi mwa mtu. Mistari yake ilikuwa mikali na ming'avu kuliko ya runinga. Upungufu wake ni kwamba ilikuwa myeupe tu, na rangi ilighushiwa kwa kuegemeza karatasi ya plastiki iliyotiwa rangi mbele ya kioo.

Kwa hiyo aliyeunda 3D Imager, John Ross, alikabiliwa na matatizo mawili kwa pamoja: kiwambo kisicho na kina, na kiwambo kisicho na rangi. Aliyatatua yote mawili kwa kisahani kimoja. Nusu ya kisahani hicho ilikuwa nyeusi tititi, na nusu iliyosalia iligawanywa katika vipande vya rangi, kwa mfano chekundu, cha kijani na cha buluu. Mota ilikizungusha mbele ya macho yote mawili. Nusu nyeusi inapolifunika jicho la kulia, jicho la kushoto hutazama kupitia vipande vya rangi, kimoja baada ya kingine. Kisahani kikiendelea kuzunguka, zamu hubadilika. Katika mzunguko mmoja, basi, mashine huchora picha ya jicho la kushoto kwa awamu, rangi kwa rangi, kisha ikafanya vivyo hivyo kwa jicho la kulia. Mwale wenyewe haukubadilika. Ulibaki kuchora mistari myeupe. Mstari uliochorwa wakati kipande chekundu kikiwa mbele ya jicho ulionekana mwekundu, na uliochorwa nukta ya sekunde baadaye ukaonekana wa kijani.

Ugumu wote ulikuwa katika wakati. Kisahani na mwale sharti viende pamoja. Kimoja kikichelewa hata kidogo, rangi huhama, au jicho huona picha isiyo yake. Kifaa kilichomekwa kwenye tundu la kidhibiti cha mchezaji wa pili, na kila mzunguko ulipokamilika kilipeleka ishara kwa mashine. Programu ya mchezo iliipokea ishara hiyo, ikapima kasi, ikairekebisha mota na kuchora ipasavyo. Yaani mchakato mmoja mdogo, uliokuwa na kazi ya kuendesha mchezo, ulitwikwa pia kazi ya kuongoza gurudumu. Kwa kuwa mgawanyo wa vipande vya rangi ulitofautiana, mchezaji aliyebadilisha mchezo alilazimika kubadilisha kisahani pia. Michezo iliyotolewa ilikuwa mitatu tu: 3D MineStorm, 3D Narrow Escape na 3D Crazy Coaster.

Anayekivaa kwa mara ya kwanza hukutana na sauti kabla ya picha. Mota huvuma karibu kabisa na paji la uso, na mtetemo wake husikika kwenye mfupa wa pua. Kisha hufuata kumetameta, kwa sababu kila jicho limezibwa nusu ya wakati. Mwanga nao hupungua, kwani kisahani cheusi huuzuia sehemu moja na plastiki ya rangi hula sehemu nyingine. Chumba chenye giza ndicho kinachofaa. Kwa muda mfupi mtu huona mistari maradufu, kama anayetazama akiwa na usingizi. Halafu, ghafla, mistari huungana. Katika 3D MineStorm, mabomu yaliyokuwa madoa bapa hugawanyika angani, mengine karibu, mengine mbali, na nafasi tupu kati yake huonekana kama kitu cha kushikika. Inashangaza kwamba mistari mitupu kama ile ya Wheatstone yaweza kuleta taswira iliyo imara hivyo.

Kuna wasiofikia hatua hiyo. Baadhi ya watu, hasa waliokuwa na makengeza au udhaifu wa jicho moja tangu utotoni, hawana uwezo wa kuziunganisha picha mbili kwa njia hii. Wengi wao huishi bila tatizo, kwa kuwa umbali hukadiriwa pia kwa vivuli, ukubwa wa vitu na namna vinavyozibana. Lakini kina cha 3D Imager hutegemea kuunganisha picha hizo mbili. Mtu wa aina hiyo hukivaa kifaa, husikia wenzake wakisifu, naye huona kumetameta bila kina hicho. Ndipo kichezeo kinapogeuka kipimo cha macho, pengine cha kwanza maishani mwake. Hata wenye macho mazima huchoka upesi: macho yanalazimika kulenga mwanga ulio kwenye kioo, huku yakielekezana kana kwamba kitu kiko mahali pengine.

Mara nyingine kifaa hiki hutajwa kuwa mwanzo wa uhalisia pepe majumbani. Sifa hiyo imezidi kipimo. Katika uhalisia pepe, mtu akigeuza kichwa, ulimwengu anaouona hugeuka pia. Hapa mtu akigeuza kichwa hupoteza kiwambo. Stahili yake hasa ni kwamba kilitangulia kulipa kila jicho picha yake kwenye mashine ya nyumbani, tena kwa rangi. Hakikupata nafasi ya kukua. Kampuni ya Milton Bradley, iliyokuwa imeinunua General Consumer Electronics, iliachana na Vectrex mwaka huohuo wa 1984 baada ya soko la michezo ya video nchini Marekani kuporomoka. Mnamo 1987 Sega na Nintendo zilitoa kila moja miwani ya kufanya kazi kama ile ya kisahani, ila vioo vyake vilitiwa giza kwa umeme, bila mota. Wazo lilikuwa lilelile: jicho moja lizibwe, jingine lione, na ubongo usipewe nafasi ya kulitambua pengo.

Miwani hiyo ya 1987 nayo ilitegemea runinga nene zenye kisogo, na haielewani na runinga bapa za leo, kwani haziwashi na kuzima picha kwa namna ile. 3D Imager iko mashakani zaidi, kwa sababu ilitengenezewa kiwambo kimoja tu duniani, cha Vectrex, na bomba la kiwambo hicho likivunjika hakuna kiwanda cha kuliagiza. Wapenzi wa mashine hii wameunda nakala za kifaa, na programu za michezo mitatu zimehifadhiwa. Lakini ukurasa uliochapishwa, kama huu, hauwezi kukionyesha kile kinachoelezwa. Kamera ya kawaida ikiwekwa mbele ya kiwambo haipati rangi wala kina. Naye mtu aliyeketi kando akisubiri zamu yake, mwenzake akishtuka na kurudisha kichwa nyuma kwa kudhani bomu limemjia usoni, haoni kitu kwenye kile kioo kidogo isipokuwa mistari myeupe iliyorudufiwa, inayotetema.