Konisi na Pembe Isiyo Mraba

Siku chache kabla ya harusi ya binti yake, dada yetu alitutaka tumtilie konisi katika chumba cha maharusi, nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa. Konisi ni ule ubao wa nakshi unaoziba kiungo cha ukuta na dari. Mbao alikwisha kuzinunua kwa pesa za chama, wala hazikuwa na ziada. Nasi, twakiri, tuliharibu vipande viwili katika saa ya kwanza.

Kosa lilikuwa letu. Konisi haikai bapa ukutani, hukaa mshazari. Sisi tuliilaza bapa ndani ya kisanduku cha kukatia pembe, tukakata digrii 45. Vipande vilipopandishwa juu vikakataa kukutana. Ilitupasa kuipindua juu chini: sakafu ya kisanduku ndiyo dari, na ubavu wake ndio ukuta. Ukiipindua hivyo, mwisho wa kulia huwa kushoto, basi andika kwa penseli nyuma ya kila kipande kabla ya kugusa msumeno.

Tatizo la pili lilikuwa nyumba yenyewe. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa ni nadra kukutana kwa pembe mraba. Pima kutoka penye kona futi 3 ukuta mmoja na futi 4 ukuta wa pili. Kamba ya kuziunganisha nukta hizo ikiwa si futi 5 kamili, digrii 45 zako hazitakufaa kitu.

Kwa kona ya ndani, dawa yake ni kutotegemea pembe hata kidogo. Kipande cha kwanza kikate wima, kikasukumwe mpaka kigote konani. Cha pili kikate digrii 45 kama kawaida, ili umbo la nakshi lijitokeze ukingoni. Lipake penseli ukingo huo, kisha ulifuate kwa msumeno mwembamba wa upinde, ukiuinamisha ili nyuma itoke mbao zaidi kuliko mbele. Malizia kwa tupa na msasa. Kipande hiki hukumbatia uso wa mwenziwe, na hata mbao ikinywea wakati wa jua kali, ufa hauonekani upesi. Ni kazi ya subira. Kona moja ilituchukua tangu baada ya alasiri hadi kukaribia magharibi.

Kona ya nje haina hila hiyo. Weka kipande cha konisi kando ya kila ukuta, chora darini mstari wa ukingo wake. Pale mistari miwili inapokatana, unganisha na ncha ya kona. Mstari huo ndio njia ya msumeno.

Nanyi akina mama mnaolipa mafundi, ombeni kuona viungo kabla havijapakwa pati wala rangi. Pati huficha mwanya kwa muda, kisha hupasuka. Ukucha ukiingia katika kiungo, fundi na arudie.

Vile vipande viwili tulivyoviharibu tulivikata vifupi, vikawa vya kujaribia: kila kona ilijaribiwa kwavyo kwanza ndipo ubao mrefu ukakatwa. Mbao zilitosha, zikabaki kama shibiri mbili.